Jina la mji limebaki, redio imehama

Swali: Ninaishi katika mji mdogo wa jimbo la Iowa, Marekani, ambako Wakongo, Warundi na Watanzania wengi tunafanya kazi katika kiwanda cha nyama. Mji ulikuwa na kituo chake cha AM, yaani redio ya masafa ya kati, kilichotangaza misiba, mechi za shule ya sekondari, bei ya mahindi, na hata mikutano ya kanisa letu la Kiswahili. Mwaka juzi kituo kiliuzwa. Studio imefungwa, mnara umeangushwa, na matangazo sasa yanatoka mji mkubwa ulio umbali wa kilomita 40 hivi. Mchana tunakipata kwa shida na usiku hatukipati kabisa. Ajabu ni kwamba kila saa bado wanataja jina la mji wetu. Je, sheria inaruhusu jambo hili? Na sisi tunaweza kufanya nini?

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na lile unalolisubiri. Karibu yote uliyoyaeleza yanaruhusiwa na sheria ya Marekani kama ilivyo leo, na huko kutaja jina la mji wenu kila saa ni sharti la leseni, wala mtangazaji hana hiari nalo. Mnayoweza kuyafanya ni machache, lakini yapo, na nitayaeleza pamoja na tarehe zake. Kwanza inatupasa kutenganisha mambo manne ambayo msikilizaji huyaona kuwa kitu kimoja: leseni, mnara, studio na vipindi. Zamani vyote vinne vilikaa katika mji wenu, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kujua kwamba kisheria kila kimoja kinaweza kusafiri peke yake. Kwenu vitatu vimeondoka. Kilichobaki ni leseni, ambayo ndiyo pekee isiyosikika redioni isipokuwa kwa sekunde chache kila saa.

Sheria ya Mawasiliano ya 1934, iliyoanzisha tume inayosimamia utangazaji, FCC, ina kifungu cha 307(b) kinachoitaka tume hiyo igawe huduma ya redio kwa haki baina ya majimbo na miji. Kutokana na kifungu hicho kila kituo huandikiwa mji wake, na kila saa, karibu na saa kutimia, kituo hutaja herufi zake za utambulisho na mara moja baada yake jina la mji huo. Mmiliki akitaka anaweza kuongeza jina la mji mkubwa, na wengi hufanya hivyo, tena kwa sauti ya kujivunia zaidi, ila jina la mji mdogo hawawezi kuliruka.

Kubadili mji ulioandikwa katika leseni kulikuwa shughuli ndefu hadi mwishoni mwa 2006. Tangu Januari 2007 FCC inalipokea jambo hilo kama ombi la mabadiliko madogo, na vituo vingi vya vijijini vilitumia njia hiyo kujisogeza kwenye vitongoji vya miji mikubwa, kila kimoja kikidai kuwa kinakwenda kuwa redio ya kwanza ya kitongoji fulani, huku mnara wake ukielekezwa kwa mamilioni ya watu wa jirani. Mwaka 2011 tume iliweka kizuizi: kituo ambacho mawimbi yake yangefunika zaidi ya nusu ya eneo la jiji huhesabiwa kuwa kinakwenda kuhudumia jiji lenyewe, na mwombaji ndiye anayepaswa kuthibitisha vinginevyo. Isitoshe, ni vigumu sana kwa FCC kukubali kuuondolea mji kituo chake pekee. Kwa mfanyabiashara, basi, njia nyepesi ni kuiacha leseni mahali ilipo na kuchukua vingine vyote. Kwa jinsi unavyoeleza, nadhani hilo ndilo lililofanyika kwenu.

Sasa mnara, ambao ndio sehemu inayowashangaza wengi. Katika FM mnara hubeba antena, lakini katika AM mnara wenyewe ndio antena, na urefu wake hufuata urefu wa wimbi. Kwa kituo cha kilohezi 600, robo ya wimbi ni mita 125. Kwa kilohezi 1400 ni kama mita 53. Chini yake, ardhini, huzikwa nyaya za shaba zinazotawanyika pande zote kama miale ya jua, kwa kawaida 120, kila moja ikikaribia urefu wa mnara. Kituo chenye minara mitatu au minne kinahitaji shamba zima. Ardhi hiyo ilinunuliwa wakati ilipokuwa malisho ya ng'ombe, na leo mara nyingi ina thamani kuliko kituo kilichosimama juu yake. Mfano maarufu ni WMAL ya Washington, ambayo minara yake ilikuwa Bethesda, Maryland, kwenye ekari zipatazo 75 katikati ya makazi ya watu wenye uwezo. Ardhi hiyo iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 70 kwa kampuni ya kujenga nyumba, minara ikaangushwa mwaka 2020, na matangazo yakahamia kwenye mitambo ya kituo kingine. Mji mdogo wa Iowa hauna bei za Bethesda, lakini hesabu ni ileile: kuliko kutunza shamba, mnara, taa zake na nyaya ambazo wezi wa shaba wanazijua vizuri, mmiliki mpya anaomba nafasi kwenye mnara wa kituo kingine, na vituo viwili vinarusha matangazo kutoka mnara mmoja.

Kuhamia huko ndiko kunakoua usikivu wa usiku. Mchana mawimbi ya AM hutambaa juu ya ardhi, na ardhi nyeusi, yenye unyevu, ya majimbo ya katikati ya Marekani huyapitisha vizuri mno. Huko North Dakota, kituo cha KFYR cha Bismarck, chenye kilowati 5 tu, kinajulikana kwa kufika mbali kuliko vituo vingi vyenye nguvu mara kumi yake. Jua likizama, tabaka la chini la anga lililokuwa likiyameza mawimbi hayo hutoweka, na mawimbi yanayopanda juu hurudishwa ardhini mamia ya kilomita mbali. Wazee wa kwetu waliosikiliza masafa ya kati wanakumbuka jinsi stesheni za ng'ambo zilivyoingia usiku bila kubisha hodi. Kwa kuwa kila masafa Marekani hutumiwa na vituo vingi, FCC huvilazimisha vingi kupunguza nguvu usiku, kubadili mwelekeo wa mawimbi au kuzima kabisa. Kituo kilichoazima mnara wa mwenzake, umbali wa kilomita 40 kutoka mji wake, mara nyingi hupewa wati chache usiku, na wati chache kutoka huko haziwafikii ninyi.

Utauliza: je, kituo hakilazimiki kuufikia mji wake mwenyewe? Kililazimika. Kanuni ya zamani ilitaka mchana mawimbi yenye nguvu maalumu yafunike angalau asilimia 80 ya mji, na usiku nao ulikuwa na kiwango chake. Mwaka 2015, katika mageuzi yaliyoitwa ya kuihuisha AM, tume ililegeza masharti hayo kwa vituo vilivyokuwa tayari na leseni: mchana inatosha kufunika nusu ya watu au nusu ya eneo la mji, na usiku havidaiwi chochote. Nia haikuwa mbaya. Vituo vidogo vilikuwa vikishindwa kuhamisha mnara hata pale mwenye shamba alipowafukuza, na wengine wangefunga kabisa. Hata hivyo, kanuni iliyowekwa ili kuvinusuru vituo maskini ndiyo hiyohiyo iliyomwezesha mnunuzi wenu kuuacha mji nje ya mawimbi wakati wa usiku bila kuvunja sheria yoyote.

Mageuzi hayohayo yalileta jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu limevihamisha vituo vingi kuliko bei ya ardhi. Vituo vya AM viliruhusiwa kwa wingi kuwa na mtambo mdogo wa FM unaorudia matangazo yao, wenye nguvu isiyozidi wati 250. Mwaka 2016 tume ilifungua dirisha, yaani muda maalumu wa kupokea maombi, ambapo kituo cha AM kingeweza kununua mtambo wa namna hiyo uliokuwa umbali wa hadi maili 250, yaani kilomita 400 hivi, na kuuhamishia kwake. Mwaka uliofuata kanuni ya mahali pa kuuweka ililegezwa: eneo linalofikiwa na mtambo liwe ndani ya eneo ambalo AM inasikika vizuri mchana, au ndani ya maili 25 kutoka mnara wa AM, lolote lililo kubwa zaidi kati ya hayo mawili. Maili 25 ni kilomita 40. Angalia ramani yako uone mji mkubwa uko umbali gani. Mmiliki mwenye AM ya mji mdogo anaweza kusimamisha mtambo wa FM juu ya jengo refu la mji wa jirani, akauza matangazo ya biashara huko kana kwamba ana redio ya FM ya mji huo, na AM ikabaki kama cheti cha kuzaliwa: hakuna anayekisoma, lakini bila hicho mtoto hasajiliwi. Na kweli mtambo wa kurudia hauruhusiwi kuendelea ikiwa AM yake imezimika. Mwanzoni mwa 2024 kituo cha WJLX cha Jasper, Alabama, kilitangaza kwamba mnara wake wa AM umeibwa, na FCC ikakitaka kizime pia mtambo wake wa FM. Kwa hiyo mnunuzi wenu anaihitaji AM iendelee kuwapo, hata ikiwa kwa udhaifu. Wasikilizaji wa AM hiyo, yeye hawahitaji.

Tuje kwenye studio. Kwa karibu miaka 80 kanuni ilikitaka kila kituo kiwe na studio kuu ndani au karibu na mji wake, yenye wafanyakazi saa za kazi na uwezo wa kurusha kipindi kutoka hapo. Mtu aliyefiwa aliweza kuingia mlangoni na karatasi yake. Mnamo Oktoba 2017 FCC iliifuta kanuni hiyo kwa kura 3 dhidi ya 2. Waliounga mkono walisema kwamba siku hizi watu huwasiliana na kituo kwa simu na barua pepe, na kwamba fedha za kodi ya ofisi zingetumika vizuri zaidi kwenye vipindi. Waliopinga walitabiri kwamba fedha hizo hazitakwenda kwenye vipindi. Kilichobaki ni wajibu wa kuwa na namba ya simu ambayo mkazi wa mji anaweza kuipiga bila gharama ya masafa marefu.

Lakini si haki kuutupia mwaka 2017 lawama yote, kwa sababu studio nyingi zilikuwa zimeshabaki vyumba vitupu vyenye kompyuta. Mlango ulifunguliwa na Sheria ya Mawasiliano ya 1996, iliyoondoa kikomo cha idadi ya vituo ambavyo kampuni moja inaweza kumiliki nchi nzima. Kampuni ya Clear Channel, ambayo sasa inaitwa iHeartMedia, ilikua kutoka makumi ya vituo hadi zaidi ya 1,200 kwa miaka michache tu, ikabeba madeni makubwa, na mwaka 2018 iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Kampuni yenye deni hupunguza kwanza mishahara, na mshahara wa kwanza kuonekana wa kupunguzwa ni wa mtu anayekaa katika mji wa watu elfu chache.

Kisa kinachotajwa kila mara katika mjadala huu ni cha Minot, North Dakota. Usiku wa manane wa tarehe 18 Januari 2002 treni ya mizigo iliacha reli, matangi matano ya amonia yakapasuka, na wingu la gesi likaelekea kwenye nyumba. Mtu mmoja alifariki na mamia waliumia. Vituo vyote sita vya redio za biashara mjini hapo vilikuwa vya Clear Channel, na polisi walipovipigia simu kutafuta msaada hawakupata mtu. Kampuni ilijibu kwamba kulikuwa na mfanyakazi, na kwamba maofisa wa mji hawakujua kuutumia mfumo wa tahadhari ambao ungekatiza vipindi wenyewe bila kumtegemea mtu. Nimeyasoma mabishano hayo mara nyingi, na sioni sababu ya kuuamini upande mmoja pekee: mfumo ulikuwapo na haukutumika, na simu zililia zisijibiwe. Yote mawili yanatokea pale ambapo ofisi ya polisi na chumba cha redio hawajuani tena kwa majina.

Katika jimbo lenu hamna haja ya mfano wa mbali. Tarehe 10 Agosti 2020 dhoruba ya upepo wa kunyooka iliipita Iowa, na huko Cedar Rapids, mji wenye Wakongo na Warundi wengi wazungumzao Kiswahili, iling'oa paa za nyumba za kupanga, ikakata umeme kwa siku nyingi na kuvuruga mitandao ya simu. Katika hali hiyo redio ya betri ndiyo chombo kilichobaki, na swali la mtu aliyelala nje si hali ya hewa ya taifa bali ni wapi maji yanagawiwa leo.

Hapa ndipo ninapotaka kusema jambo ambalo huenda lisikufurahishe. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tunapoona redio ndogo inayotangaza misiba na mikutano ya kanisa, tunaiita redio jamii, na tunadhani ina hadhi ya redio jamii. Kituo chenu hakikuwa hivyo. Kilikuwa redio ya biashara, na mmiliki wake aliihudumia jamii kwa sababu wenye maduka ya mji huo ndio waliomlipa na jirani zake ndio waliomsikiliza. Tangu 1981, FCC ilipoondoa masharti ya kiasi cha habari na vipindi vya jamii kwa redio za biashara, wajibu huo ulisimama juu ya tabia ya mmiliki na pochi ya mwenye duka. Duka lilipofungwa kwa kushindwa na maduka makubwa ya barabarani, na mmiliki alipozeeka, hakukuwa na kitu cha kisheria chini ya huduma hiyo. Mnunuzi hakuvunja ahadi, kwa kuwa haikuwahi kuandikwa.

Linganisha na pale ambapo jamii yenyewe ndiyo mwenye leseni. Taifa la Wanavajo lina KTNN huko Window Rock, Arizona, kituo cha AM cha kilowati 50 kwenye kilohezi 660, kilichoanza mwaka 1986 na kinachotangaza kwa Kinavajo. Huko Bethel, Alaska, KYUK ipo hewani tangu 1971, kwa Kiyup'ik na Kiingereza, ikivifikia vijiji visivyo na barabara. Vituo hivi havikuhama, kwa sababu hakuna mji wa jirani unaoweza kumnunua mwenye lugha. Havina kinga dhidi ya umaskini, hata hivyo: Bunge la Marekani lilipofuta fedha za utangazaji wa umma mnamo Julai 2025, vituo vya aina ya KYUK ndivyo vilivyopoteza sehemu kubwa zaidi ya bajeti, kwa kuwa mijini wapo wachangiaji na huko hawapo.

Sasa mfanye nini? Ingieni kwenye faili la umma la kituo, ambalo tangu 2018 limo katika tovuti ya FCC kwa kila redio. Humo kila robo mwaka kituo kinapaswa kuweka orodha ya masuala muhimu ya mji wake wa leseni na vipindi vilivyoyashughulikia. Someni orodha za mwaka mzima. Ikiwa hazipo, zimewekwa kwa kuchelewa sana, au zinazungumzia mji wa jirani pekee, hilo ni kosa linaloweza kuthibitishwa kwa karatasi, na FCC huyasikiliza makosa ya karatasi kuliko huzuni ya wasikilizaji. Malalamiko kwamba kituo hakitangazi tena misiba hayatafika popote. Usipoteze wino.

Leseni hudumu miaka 8. Leseni za redio za Iowa zitamalizika tarehe 1 Februari 2029. Maombi ya kuzihuisha yanapaswa kuwasilishwa mwanzoni mwa Oktoba 2028, na pingamizi rasmi hupokelewa hadi mwanzoni mwa Januari 2029. Ni nadra mno leseni kunyimwa kwa pingamizi la wasikilizaji, nami sikuahidi hivyo. Lakini pingamizi lenye ushahidi humfanya mmiliki kukaa mezani, na mezani mnaweza kuomba vitu vidogo vinavyowezekana: dakika tano za matangazo ya mji asubuhi, simu ya usiku inayojibiwa na mtu, mkataba wa maandishi na ofisi ya zimamoto ya wilaya yenu.

Njia ya pili ni kutafuta leseni yenu. Redio za FM za nguvu ndogo zilianzishwa mwaka 2000 kwa ajili ya vikundi visivyo vya kibiashara. Nguvu yake haizidi wati 100 na hufika kilomita 5 au 6, kiasi kinachoutosha mji mdogo lakini si mashamba yanayouzunguka. Shule, kanisa au chama cha wahamiaji kinaweza kuomba. Tatizo ni kwamba FCC hupokea maombi mapya mara chache sana: baada ya lile dirisha la mwanzo lilifunguliwa jingine mwaka 2013, na jingine Desemba 2023. Kwa hiyo chama chenu kisajiliwe sasa, chenye katiba na viongozi wanaoishi hapo mjini, kwa kuwa wakati wa ushindani miaka ambayo kikundi kimekuwapo katika eneo hilo huhesabiwa, na haiwezi kununuliwa wiki dirisha linapofunguliwa.

Kwa sasa, ikiwa shida kubwa ni tangazo la kanisa na la msiba, vituo vingi vya AM huuza saa za hewani kwa jamii za wahamiaji, na saa moja ya Jumapili asubuhi haigharimu kama mnavyofikiri. Ulizeni hata kwa hao walionunua kituo chenu. Namba ya simu wanayolazimika kuwa nayo imo katika faili lilelile.